Mafuta Hapana

Butembo, tarehe 14 janvier 2024

Kwako Papa mudogo Ézéchias,

Nakusalimia sana, weye na Mama mudogo Julie na bote ba mu lupango yenu kule Beni. Huku kwetu tuko. Mama alilala na malaria juma mbili, sasa ameamuka na ameanza tena kugombeza batu, njo tulijua amepona. Baridi ni ileile ya Butembo, asubui kutoka mu blanketi ni kazi. Miye ningali natengeneza batelefone pale karibu ya soko, na ningali bila bwana. Nakuandikia hiyo mapema juu usiulize.

Natuma barua juu ku telefone hausikie tena muzuri. Mara ya mwisho nilikuambia Papa anakusalimia, ukanijibu ya kama na weye umeshakula. Itapita mu mukono ya Syauswa, ule chauffeur anashukaka Beni kila siku ya mbili. Ukipenda kujibu, mupe yeye.

Sasa neno lenyewe. Comité ya kanisa yetu ilikaa juma iliyopita. Bazee balikata ya kama nyuma ya Pentekoste piano itaenda kwa seremala, na mbao zake zitafanya mabenchi ya batoto. Balishaagiza clavier, kinanda ya umeme, ile ya kuchomeka ku courant. Papa Kataliko, président wa comité, alisema piano ilikufa zamani, na maiti haikaake mu kanisa miaka saba.

Unajua ni nani alikuwa anakaa ku ile piano. Mwaka moja mbele ya Ebola balimuondoa Papa, balisema bidole byake bimezeeka, noti zinaruka, nyimbo zinakwama. Papa hakubisha. Alifunga kifuniko, akaenda kukaa ku benchi ya nyuma, na toka ile siku sijamusikia akiimba. Mikono anaiweka mu koti. Ukimupa kikombe ya chai anaipokea na yote mbili, na anaitazama mupaka ifike mu kinywa. Ako na miaka makumi sita na tisa tu, Papa mudogo. Inaniuma kumuona vile.

Juzi Falonne, ule anaongoza korale, alinipa ufunguo, nikaenda kufungua piano na tournevis zangu. Nilipiga noti moja mara kumi, mbio mbio. Ilijibu mara mbili, zingine nane bule. Nikatazama ndani: nyundo inaenda kugonga uzi, mais kurudi inarudi pole pole, na ukipiga tena yenyewe ingali mu njia. Mikono ya nani itaimba na nyundo ya vile? Hata ya kijana haiwezi.

Nataka Papa apige siku ya Pentekoste, mbele ya bote balisema amekwisha. Weye njo ulifundishwa na bamisionere, weye njo ulikuwa accordeur, fundi wa piano yetu miaka yote. Kuya utusaidie. Ni kilometa makumi tano na kitu tu.

Miye binti yako,
Jemima

*

Beni, 4 février 2024

Kwako binti yangu Jemima,

Bwana asifiwe. Barua yako ilifika, na Syauswa alikunywa chai yetu yote mbele ya kuitoa mu mufuko. Tuko bazima. Mama Julie analalamika magoti, mais ku shamba anaenda mbio kunipita. Kakao imekauka muzuri, mvua ilituachia nafasi. Hapa mu atelier mashini za kushona ziko mingi, kila mutu anataka yake mbele ya mwingine. Habari ya Mama yako imetufurahisha. Agombeze sana.

Kuhusu kuya, hapana. Njia haijatulia, na batu bananingojea na mashini zao. Mais nitakuelekeza na utafanya muzuri, juu mutu anafunguaka telefone hawezi kushindwa na piano.

Mara mingi ni humidité. Kila nyundo inazungukia ku kapini ya shaba, na ile kapini inapita mu kitundu yenye kitambaa ya laine ndani. Laine ikikunywa maji ya hewa inavimba, inakaba kapini, nyundo inakuwa muvivu. Donc nunua alcool ya pharmacie. Changanya, maji safi kipimo moja, alcool bipimo tatu. Na seringe tia tone moja kila upande ya kitundu. Acha siku mbili, usiguse. Laine itavimba kwanza, alafu ikikauka itarudi nyuma na kuachia kapini nafasi.

Mafuta hapana. Hata ya mashini ya kushona, hata ile nyepesi. Nasema tena, mafuta hapana. Mutu akikuambia tone moja haina neno, mufukuze mu kanisa.

Musalimie mukubwa yangu.

Papa mudogo yako,
Ézéchias

*

Butembo, 27 février 2024

Papa mudogo,

Wabukire. Siye bote tuko, asante ku Mungu. Mama anasema wasingya juu ya kakao mulimutumia, ameifanya chai mupaka jirani banaulizia harufu. Tulikuwa na ville morte siku mbili, muji yote iligoma, soko ilifungwa, nikapata nafasi ya kufanya kazi mu kanisa.

Mais ulinitia mu matata. Chupa ya alcool ilikuwa mu sakoshi yangu, kifuniko ikalegea, na mama moja diakonese akainama kunisalimia. Unajua kanisa yetu, hata pombe ya kasiksi kidogo inakuondoa ku meza ya Bwana. Siku ya tatu nikaitwa mu comité. Papa Kataliko aliniuliza kwa upole toka mwaka gani nakunywa. Nikamujibu ya kama anayekunywa ni piano. Muzee moja akacheka, kiisha bakaomba. Balinipa ruhusa, mais chupa inakaa kwa Falonne, na kila nikitia tone badiakonese babili banakaa pale kunichunga. Nilitia matone mia moja na kitu mbele ya macho yao. Moja alisinzia.

Nilingoja siku mbili. Nikapiga, zikaamuka kidogo. Siku ya ine zikalala tena.

Sasa sikiliza, juu hapa njo pana neno. Nyundo zinakawia ni makumi tatu na nane, na zote ziko katikati, pale nyimbo za kitabu zinapigiwa. Za kushoto kabisa na za kuume kabisa ziko nyepesi, zinarudi mara moja. Humidité inachaguaka, Papa mudogo? Inajua nyimbo zetu?

Nikatoa kapini moja. Ilikuwa na kitu nyeusi inanata, na kijani pembeni. Nikanusa. Ni mafuta ya mashini ya kushona, naijua tangu utoto, nilikulia mu atelier yako.

Mutu alitia mafuta mule. Noti moja moja, kwa uangalifu, hata tone haikuanguka pembeni. Ni weye ulikuwa unaifungua ile piano. Ulimuona nani? Unikumbushe, juu nikijua mutu nitajua na dawa.

Papa anakusalimia. Hajui ninafanya nini kule. Nilimuambia ninatengeneza micro ya kanisa.

Jemima

*

Beni, 17 mars 2024

Binti yangu,

Tuko bazima. Julie amepata dawa ya magoti. Mvua imezidi na kakao ya sasa inaoza ku muti, tunakata ile nyeusi na kuitupa mbali. Mu atelier nimepata mashini moja ya zamani sana, ya kukanyaga na miguu, inashona kuliko hizi za sasa.

Kama ni mafuta, alcool haitaisaidia. Toa kapini zote, osha ku essence ya briquet, ile banatiaka mu kiberiti ya chuma, na bitundu pia, mara tatu, na mulango wazi, moto mbali. Kiisha utaona kama laine ingali na uzima.

Kuhusu nani, hiyo ni ya zamani. Batu balikuwa mingi.

Ézéchias

*

Butembo, 7 avril 2024

Papa mudogo,

Nakusalimia na Mama mudogo. Siye tuko, mais leo sitaandika ya Mama wala ya baridi.

Nilifanya kosa. Niliwaza ya kama nikionyesha comité zile kapini, bataona ilikuwa mafuta, haikuwa mikono ya Papa. Nikazipanga ku karatasi nyeupe, nikazieleza muzuri. Papa Kataliko alinusa moja, akaketi. Akauliza nani alikuwa anakaa ku piano kila siku. Akasema basi ni Papa yangu, Sadrack mwenyewe, aliona noti zinakwama, akatia mafuta, akaua kitu ya kanisa, akanyamaza. Nilipeleka dawa, batu bakaifanya sumu.

Balimuita Papa. Unajua alijibu nini? Alisema: «Labda ni miye. Pengine nilitia na nikasahau.» Bidole balimuambia bimekufa, akakubali. Sasa anakubali na kichwa pia. Alirudi nyumbani akaniuliza kama kuna mambo mingine anasahauka na tunamuficha. Nililia, sikuficha machozi.

Nimeosha bitundu mara tatu vile ulisema. Mafuta imetoka, mais laine nayo imekwisha, inatoka vipande vipande. Kapini sasa zinacheza mule, nyundo zinaenda upande. Inatakiwa laine mupya, nyembamba, ya kweli. Nimezunguka soko yote ya Butembo, bananionyesha nailoni tu. Zimebaki juma sita.

Sikuulizi tena kitu. Ulisema batu balikuwa mingi. Miye namukumbuka moja tu mwenye alikuwa na ufunguo.

Jemima

*

Beni, 29 avril 2024

Kwako Jemima, na kwa mukubwa yangu Sadrack,

Nabasalimia. Barua ya tarehe saba ilifika siku ya tano iliyopita. Njia ilifungwa, Syauswa alikwama upande ya huku juma mbili na nusu na barua ikabaki kwa bibi yake kule Butembo. Nasema hiyo juu musiwaze nilikaa nayo. Hii ingine yote nilikaa nayo miaka saba.

Ni miye.

Mwaka moja mbele ya Ebola, juma ya Pasaka, mukubwa yangu aliniambia noti mbili zinakaza. Nilikuwa na uniforme za batoto ba masomo kushona, batu balisimama ku mulango. Nilipashwa kutoa kapini, kusafisha, kungoja. Mais miye ni mutu wa mashini. Kila kitu ikikaza mukono yangu inaenda ku burette ya mafuta yenyewe, mbele ya kichwa kuwaza. Nikatia tone ku zile mbili. Zikarudi mara moja, laini. Nikaona muzuri, nikatia ku zote za katikati.

Siku ya Pasaka iliimba kuliko zamani. Sadrack alinisimamisha mbele ya kanisa, akaniita fundi. Ile neno niliipenda sana.

Nyuma ya miezi mbili mafuta ikakamata vumbi, laine ikaikunywa, nyundo zikaanza kuchoka. Nilijua siku ya kwanza ni nini. Batu bakaanza kusema mikono ya Sadrack. Nikangoja nione kama batanyamaza. Habakunyamaza. Ile siku ya comité nilikuwa mu chumba, miye accordeur, na baliniuliza piano iko na shida gani. Nikasema piano ni nzima. Nilisema vile, Sadrack ukiwa mbele yangu.

Batu banawaza nilikuya Beni juu ya kakao. Haikuwa kakao.

Jemima, barua hii isomwe mu comité, kwa sauti, mukubwa yangu akiwa pale. Usiipunguze hata neno.

Mu kifurushi kuna laine. Ni koti yangu ya harusi, ya kweli, nyembamba, kitambaa yake balininunulia Kampala. Nimeikata mugongo na mikono. Kata mikanda ya upana ya kitundu, ncha ifanye kali, ipitishe, ivute, tia gundi ya kole kidogo sana upande moja, acha ikauke, kata yenye inabaki na wembe. Kiisha kapini. Ukishika kipande ya mbao yenye ile kitundu mu bidole na kuachilia nyundo, iyumbe mara tano ao sita, isimame. Ikiyumba kupita pale imelegea. Isipoyumba inakaza, sasa njo utumie alcool yako na badiakonese bako.

Siombi kitu. Nimeandika.

Ézéchias

*

Butembo, 20 mai 2024

Kwako Papa mudogo Ézéchias, na Mama mudogo Julie,

Nabasalimia kwa nguvu. Mama anabasalimia, jirani banabasalimia, hata badiakonese bangu babili banabasalimia. Sauti yangu imekauka juu ya jana, ningekuwa nasema mungesikia kama chura. Nitaanza mwanzo juu nikiruka nitaharibu.

Barua yako ilisomwa na Falonne mu comité, siku ya ine. Papa alikuwa amekaa karibu ya dirisha. Falonne alipofika pale ulisema piano ni nzima, aliacha kusoma, akapanguza macho, akaendelea. Papa Kataliko alitazama chini mupaka mwisho. Papa aliomba ile karatasi, akaikunja, akaitia mu mufuko ya shati, akaenda nyumbani na miguu.

Siku tatu Papa alikaa mu chumba. Hata Mama aliacha kugombeza, nayo unajua si kawaida yake. Niliogopa, Papa mudogo. Nilikuwa peke yangu mu kanisa nakata mikanda, na mikanda ya kwanza yote ilipasuka. Siku ya ine mulango ikafunguka, Papa akaingia na lunettes zake ku macho. Akashika kitambaa, akaisugua mu bidole, akasema hii ni koti ya harusi ya Ézéchias, ni miye nilimusindikiza kuipima. Kiisha akavuta kiti, akachukua makasi, akaanza kukata. Mikanda yake haikupasuka hata moja. Nilitazama ile mikono ikipitisha laine mu kitundu yenye hata miye naitafuta na lampe ya telefone, na nikakaza kifuniko ya kole juu nilijua nikilia itamwangika.

Bitundu makumi saba na sita, mbili kwa kila nyundo. Tulifanya karibu juma mbili. Nyundo zote ziliyumba mara tano ao sita, ine tu zilikaza, tukatia alcool. Diakonese mwenye alisinziaka, safari hii alikuwa anahesabu na siye kwa sauti.

Jana Pentekoste. Kanisa ilijaa mupaka inje, batu balisikia habari, mu Butembo habari inapandaka pikipiki. Clavier mupya ilikuwa pembeni mu karton yake. Papa alipita katikati na suti ya kijivu, mikono inje ya koti. Akakaa. Akakawia kidogo, nikaona mabega yake inapanda. Kubeti ya kwanza alipiga pole pole, kama mutu anapita ku daraja hajui mbao zake. Kila noti ikajibu. Ya pili akaongeza. Kubeti ya tatu iko na zile noti za kurudia, tatu tatu, mbio, zenye zilimuondoaka. Nilifunga macho. Zikatoka zote, safi, moja moja. Nikafungua macho, Papa alikuwa anaimba. Miaka saba, Papa mudogo. Sauti yake ya bas ingali ileile. Korale ikaanza kumukimbilia juu alikuwa anabaacha nyuma, Falonne anapunga mikono, bamama bakapiga kigelegele, na muzee mwenye alichekaka mu comité akapanda juu ya benchi na viatu.

Nyimbo ilipokwisha hakuna alikaa. Papa Kataliko alipita mbele. Sikumupenda miezi yote hii, mais jana alifanya kama mwanaume. Alisema, bila micro, ya kama comité ilimukosea Sadrack mara mbili, mara ya mikono na mara ya mafuta, na yeye mwenyewe njo alikuwa wa kwanza kusema. Akaomba musamaha mbele ya bote. Akasema seremala atatafuta mbao mahali pengine.

Papa aliinua mikono yake, akaitazama upande yote mbili. Akasema: «Miaka saba niliombea hii mikono ipone. Kumbe haikuwa na ugonjwa.» Kanisa yote ilisikia. Akaendelea na nyimbo ingine bila mutu kumuomba.

Nyuma ya ibada batu balijaa mu lupango yetu. Mama alipika mupaka sufuria za jirani zikaisha. Sasa kuna bwana moja, sitamutaja, alisimama na sahani yake, akasema kwa sauti kubwa ili asikiwe ya kama kumbe siku zote aliyeharibu piano ya kanisa ni Ézéchias.

Papa aliweka kijiko chini. Akamuambia ule bwana: «Mudogo yangu ameitengeneza. Haukuisikia?»

Na miye mwenye nilikata, nilibandika, niliitwa mulevi mbele ya comité, nilifungua kinywa nijitetee kidogo. Papa alinitazama. Nikafunga kinywa, nikamuongezea ule bwana sombe ku sahani.

Binti yenu,
Jemima